Jumatatu ya Dawa

Maneno yenyewe Esnath aliyasikia gengeni kwa Apolonia, akiwa anachagua nyanya, na tangu siku hiyo hayakumtoka kichwani. Kwamba huko Mbeya, upande wa Uyole, umeingia ugonjwa wa kuku usiosikia dawa. Kuku anapewa dawa, anaugua, anaongezewa, anaugua, mwishowe mtoto wa nyumba hiyo naye akashikwa na homa, akachomwa sindano za kila namna, na homa ikawa inazinywa tu kama mchanga unavyokunywa maji. Nani kasema? Dereva wa fuso la viazi. Na yeye kaambiwa na nani? Apolonia mwenyewe aliyasimulia huku anacheka.

"Watu wa Mbeya nao hawaishiwi," alisema, akamwongezea nyanya mbili. "Kesho utasikia kuku kaota meno."

Esnath hakucheka. Wiki moja nyuma, siku ya Jumamosi, alikuwa amepokea mitetea sitini kutoka Uyole hiyo hiyo. Walikuja na basi ndani ya maboksi, na maboksi yale bado yalikuwa yameegemea ukuta wa banda lake pale Kihesa. Alirudi nyumbani anatembea haraka kuliko kawaida yake, na kabla hata ya kushusha kikapu akafungua banda akawahesabu wageni hao kati ya kuku wake wa zamani. Hamsini na tisa, kama walivyopaswa kuwa, maana mmoja alishamtoa kanisani siku ya mavuno. Walikuwa wanakula. Akajiambia, umeona sasa, ni maneno tu ya barabarani.

Tena alikuwa na kinga yake. Esnath alikuwa na Jumatatu ya dawa. Jambo hilo alifundishwa na mfugaji mwenzake wa Mlandege miaka mitatu nyuma: usisubiri kuku augue, mpe dawa angali mzima. Basi kila Jumatatu asubuhi alichukua unga wa njano, ule wa kuku, akakoroga kijiko kimoja kwenye ndoo ya maji, na banda zima likanywa, wazima na wagonjwa, vifaranga na mama zao. Maji yaliyobaki alimwagia mchicha. Mtu akimwuliza kuku wake wanaendeleaje, alijibu, "Wangu wanakunywa kila Jumatatu," kwa sauti ya mtu anayesema watoto wake hawakosi kanisani. Na si yeye peke yake. Mtaa mzima ulifanya hivyo, na hakuna aliyewahi kuambiwa ni kosa.

Siku ya kumi na mbili tangu mitetea ifike, watatu walijikunyata pembeni, manyoya yamesimama, macho yamefumba, na kinyesi chao kimekuwa cha maji cha rangi ya chokaa. Haikuwa Jumatatu, lakini aliwapa dawa. Kesho yake walikuwa saba. Akaweka vijiko viwili. Wakafa wawili. Akaenda dukani kwa Shamsudin, muuza dawa za mifugo pale karibu na soko la Mashine Tatu, akanunua dawa ya pili, ya maji. Siku mbili baadaye akarudi kwa ya tatu, akaenda akazichanganya zote ndani ya ndoo moja, kama mtu anayepiga ngumi gizani akiamini moja itampata mwizi.

Aliporudi mara ya tatu Shamsudin hakunyanyua mkono kwenda kwenye rafu. Alikuwa kijana mpole, mjukuu wa watu wa pwani waliokuja Iringa zamani kufungua maduka, na Esnath alimwita mwanangu.

"Shangazi," alisema, "mimi ni mfanyabiashara, nikikuuzia ninafurahi. Lakini hii dawa siyo pipi. Kuku wanne wa kwanza ningekwambia ni bahati mbaya. Sasa hivi hujui unapigana na nani. Beba mmoja mgonjwa upeleke maabara ya mifugo, wakapime ni mdudu gani, na dawa gani inamweza."

Esnath akajibu kwamba ataenda. Hakwenda. Ukisema maabara, watu wanasikia ugonjwa, na akiba yake yote ya mwaka ilikuwa ndani ya banda lile. Mume wake, Zabron, alikuwa kwenye machimbo huko Chunya, anapatikana kwenye simu siku moja, siku tatu hapatikani. Kila kitu kilikuwa juu ya kichwa chake.

Ndipo Jumamosi ile Goodness alipoamka anawaka moto.

Goodness alikuwa na miaka minne, mtoto wa pekee, aliyepatikana baada ya mimba mbili kuharibika. Alikuwa mtoto wa kushinda bandani. Alikuwa na mtetea wake aliyemchagua mwenyewe, mweupe, anambeba kifuani kama mdoli, anamlisha ugali kutoka mdomoni mwake. Sasa alilala kimya kwenye mkeka, tumbo linamwendesha, midomo imekauka. Esnath alifungua droo. Mlikuwa na vidonge vya rangi mbili vilivyobaki Zabron alipoumwa jino. Akafungua kimoja, akamwaga nusu ya unga wake kwenye chai, akamnywesha mtoto. Jioni akampa nusu nyingine. Jumapili akarudia.

Jumatatu homa ilikuwa pale pale. Akamfunga mgongoni, akaenda naye hospitali.

Nesi wa mapokezi aliuliza kama mtoto amepewa dawa yoyote nyumbani, na Esnath akajibu, "Hapana, sista."

Hakulifikiria jibu hilo. Ni jibu ambalo wanawake wanalijua kama wanavyojua njia ya kisimani. Ukisema ndiyo, unasemwa mbele ya foleni nzima: nani kakutuma, wewe ni daktari, si ungebaki nyumbani ukamtibu mwenyewe. Basi mwanamke mwenye akili husema hapana, akapita. Mama yake alisema hapana, na dada zake wote walisema hapana.

Mtoto alilazwa. Daktari wa watoto aliitwa Kalinga, mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, asiyeuliza mara mbili. Alipima malaria, hakuna. Alichukua damu ipelekwe maabara wadudu waoteshwe waonekane, akaeleza kwamba majibu ya damu huchukua siku. Akaanza sindano. Halafu, akiwa anaandika, akauliza nyumbani wanafuga nini.

"Kuku, daktari."

"Wazima?"

Esnath akayakumbuka maneno ya Apolonia. Akasema kuna wachache wamesinzia. Kalinga aliacha kuandika. Akamwambia kesho yake apeleke mmoja maabara ya mifugo, na majibu ayalete kwake, mkononi.

Sasa hapa ndipo pa kusikiliza vizuri, kwa sababu kosa lenyewe halikufanywa na mtu mbaya.

Jumanne asubuhi Apolonia alikaa na mtoto wodini, Esnath akarudi nyumbani kuchagua kuku. Akamchukua mmoja aliyelegea kabisa, shingo haisimami. Akamtazama akaona aibu. Mtu hapeleki mtoto hospitali na nguo chafu. Unamwogesha, unampaka mafuta, hata kama anakufa. Na huyu kuku je, akifia njiani, yeye apite Kihesa nzima amebeba mzoga? Basi akamfuta kwa maji ya uvuguvugu. Halafu akamminyia mdomoni dawa ya maji kwa bomba la sindano, akachanganya na ya unga, akampa kiasi cha kuku watatu, apate nguvu za kufika. Akamviringisha kwenye kipande cha kanga, akaondoka.

Maabarani alipokelewa na mwanamke wa makamo aliyevaa koti jeupe na soksi nene za baridi ya Julai. Alijitambulisha kuwa ni Evarista, na walisalimiana kwa Kihehe, kamwene, kamwene, mpaka Esnath akajisikia yuko kwao. Evarista alichukua maelezo yote: wametoka wapi, lini, wamekufa wangapi.

"Amepewa dawa yoyote huyu?"

"Hapana, dada."

Kalamu ikaandika hapana.

Alhamisi asubuhi simu ilipigwa. Hakuna kilichoota. Esnath aliyepokea simu akiwa kwenye korido ya wodi aliegemea ukuta akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka mgonjwa wa jirani akageuka. Kuku wake walikuwa safi. Alikimbia akamwambia Daktari Kalinga kwamba maabara haikukuta mdudu, na Kalinga akaitikia kwa kichwa, akalikata kwa mstari neno 'kuku' kwenye faili. Esnath aliuona mstari ule. Aliuona na akafurahi.

Ila homa haikujua habari za mstari. Mchana wa siku hiyo Goodness aliacha kulia. Mama yeyote atakwambia, mtoto anayelia bado yupo. Wa kuogopwa ni yule aliyeacha. Alikuwa amekuwa mwepesi hivi kwamba Esnath alipomwinua kubadilisha shuka, mikono yake ilipaa juu zaidi ya alivyotegemea. Kalinga alibadilisha sindano, akaweka nyingine. Alisema hii ni ya kubahatisha, maana damu bado haijajibu, na kwamba anatafuta chanzo hakioni. Kutwa nzima Esnath alikaa anasikia sauti ya dereva wa fuso asiyewahi kumwona: homa inazinywa kama mchanga.

Ijumaa saa mbili asubuhi Evarista alipiga simu tena, akamwomba afike.

Kuku alikuwa amekufa jana yake, na Evarista alikuwa amempasua. Alimwonyesha Esnath ini kwenye trei ya bati. Lilikuwa limevimba, lina rangi ya shaba yenye ukijani, limejaa vidoa vyeupe kama limenyunyiziwa unga. Pembeni yake aliweka sahani ndogo ya plastiki yenye mfuniko, ndani yake tabaka la rojo la kuoteshea wadudu, lililoganda, jekundu, tupu, linang'aa.

"Mimi nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii," Evarista alisema. "Ini linasema kuku huyu kauawa na mdudu ninayemfahamu. Sahani inasema hana kitu. Hawa wawili, mmoja amedanganywa. Na ini halidanganyiki, dada."

Esnath akaitazama ile sahani tupu.

Evarista hakumfokea. Alifungua kabati lenye joto, akatoa sahani nyingine, ya kuku wa mtu mwingine, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Hii ilikuwa imejaa utando kama ukungu wa mtindi, na juu yake vimepangwa vikaratasi sita vya mviringo, vidogo kuliko kifungo cha shati. Alieleza polepole. Wadudu wanasiwa sahani nzima, kama unavyosia ulezi. Kila kikaratasi kimeloweshwa dawa moja. Kesho yake unatazama. Dawa inayowaweza, wadudu hawasogei karibu, inabaki duara tupu kama uwanja uliofagiwa. Dawa isiyowaweza, wanaota mpaka mlangoni kwake. Unapima duara kwa rula, unajua. Lakini ili uwasie, lazima uwapate hai.

"Sasa mtu akimpa kuku dawa asubuhi, kisha akamleta kwangu, ile dawa inawalaza wadudu wote walio juu juu. Nikipanda, hawaoti. Wale wagumu wamejificha ndani, na walioko bandani kwako wanaendelea na kazi. Ninaandika hakuna. Na aliyetumwa na daktari anampelekea daktari karatasi ya uongo, yenye muhuri wangu."

Kwenye dirisha kulikuwa na ukungu, na ng'ambo ya barabara mtu alikuwa anapasua kuni. Esnath alisikia shoka likipiga mara nne, mara tano.

"Nilimpa," alisema. "Nilimpa nyingi. Niliona aibu asije akafia njiani." Halafu yakamtoka yote kwa pamoja kama gunia lililochanika: Jumatatu, vijiko viwili, dawa tatu ndani ya ndoo moja, na vidonge vya rangi mbili kwenye chai ya mtoto. "Na hospitali nako niliulizwa, nikasema hajapewa. Dada Evarista, mwanangu ana siku saba anaungua homa."

Alichosema Evarista kilikuwa cha kazi tu. Nenda kamwambie daktari sasa hivi, neno kwa neno. Na mimi nitafutie kuku wa kundi hilo hilo ambaye hajanywa dawa yako hata tone.

Hakuwepo. Ndoo ilikuwa moja, banda moja. Wote walikuwa wamekunywa, Jumatatu tatu mfululizo, na siku nyingi za katikati. Esnath alisimama akiwahesabu kichwani, mmoja mmoja, hamsini na tisa. Ndipo akamkumbuka wa sitini.

Mitetea ilifika Jumamosi. Jumapili yake ilikuwa sikukuu ya mavuno, na yeye alimpeleka mmoja madhabahuni kabla ya Jumatatu ya kwanza ya dawa. Baada ya ibada kulikuwa na mnada kama kila mwaka, mahindi, maboga, mbuzi mmoja, na kuku yule alinunuliwa na Mzee Adrian, mzee wa kanisa, mjane, anayeishi peke yake na asiyefuga zaidi ya paka.

Alipiga simu pale pale, Evarista akisikiliza.

"Mzee Adrian, shikamoo."

"Marahaba, Mama Goodness. Mnaendeleaje huko, baridi bado? Huku Mbeya ndiyo usiseme, nimevaa makoti mawili kama karani."

"Mzee uko Mbeya?"

Yuko Mbeya. Binti yake, anayekaa mtaa wa Soweto huko huko, amejifungua, ana siku tisa tu, na baba mtu hawezi kwenda kumwona mzazi mikono mitupu. Alikuwa ameenda na basi la jana na yule mtetea wa mavuno kwenye kikapu. Mzazi lazima anywe supu.

"Ameshachinjwa?"

"Maji yapo jikoni. Mwenyewe yuko chini ya meza anasinzia, mpole kama mchungaji."

"Mzee, nakuomba usimchinje."

Mzee Adrian alipozungumza tena, utani ulikuwa umepungua. "Mama Goodness, kitu kikishafika madhabahuni hakidaiwi. Mimi nimemnunua mbele ya washarika wote. Au umeona nilimpata kwa bei ndogo?"

Hakuna mlango mwingine uliobaki. Esnath alifumba macho.

"Nilitoa kuku mgonjwa, mzee. Nilimwona tangu anatoka kwenye boksi, wenzake wanaruka yeye ametulia. Nikajiambia ni uchovu wa safari. Nikamchagua yeye kwa sababu hatanisumbua kanisani. Nilimpa Mungu yule niliyekuwa simtaki. Sasa kuku wote wanakufa, na Goodness amelazwa hana nguvu hata ya kulia. Na wewe una kichanga hapo ndani."

Alisikia kiti kikisogezwa, na kwa mbali sauti ya mwanamke ikiuliza kuna nini, baba. Kisha Mzee Adrian akasema, taratibu, "Niambie nifanye nini."

"Umempa dawa yoyote?"

"Dawa? Kuku? Mimi nampa pumba."

Evarista alichukua simu. Akampangia yote: kuku asiguswe na mtu mwingine, amtie kwenye boksi lenye matundu, aliweke nje mbali na mzazi, anawe mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, pale chini ya meza pamwagiwe dawa ya kuua vijidudu. Kisha akampigia bwana mifugo mmoja wa Mbeya aliyesoma naye. Adhuhuri ile bwana mifugo alifika Soweto, akapitisha kijiti chenye pamba kwenye njia ya haja ya kuku, akakitia ndani ya mrija wenye rojo la kusafirishia, akaufunga. Jumamosi alfajiri mrija ukapanda basi, ndani ya boksi la barafu, miguuni pa kondakta.

Esnath alikuwa wodini. Alikuwa ameshamwambia Daktari Kalinga, amesimama, mikono nyuma, kama mtoto wa shule. Alitegemea kusemwa. Kalinga alifungua faili, akaandika upya neno alilolipigia mstari. Alisema vidonge vile vya chai ndivyo pengine vilivyoinyamazisha na damu aliyoichukua Jumatatu, kwa hiyo akachukua nyingine. Alisema pia kwamba hawezi kukaa mikono mitupu akisubiri, ile sindano ya kubahatisha itaendelea. Lakini wadudu wa kuku na wa mtoto huenda ni wamoja, na kama ni wamoja, sahani ya Evarista itawahi kujibu kabla ya damu. Esnath aliuliza itajibu lini. Jumatatu.

Siku mbili hizo hazisimuliki. Jumamosi mchana Evarista alituma ujumbe: umefika, nimepanda. Jumapili, ofisi imefungwa, alifungua mwenyewe kwa funguo zake akatuma mwingine: wameota, ndio wenyewe, nawasia na kuweka vikaratasi. Esnath aliusoma ujumbe ule akacheka na kulia, akaona ajabu mtu kufurahi kwamba wadudu wameota. Goodness alimeza vijiko viwili vya uji, akavitapika. Homa ikapanda, ikashuka kidogo, ikapanda. Apolonia alikuja na ndizi, akakaa kidogo, na alipoondoka alimshika Esnath bega akamwambia yale ya gengeni asimhesabie, mdomo wake hauna kufuli.

Jumatatu saa nne asubuhi, saa ambayo kwa miaka mitatu alizoea kukoroga ndoo, Esnath alikuwa amesimama kwenye meza ya Evarista anatazama sahani. Hakuhitaji kuambiwa. Vikaratasi sita. Kwenye unga wa njano, wadudu walikuwa wameota mpaka ukingoni, wamejibanza kama kuku kwenye pumba. Kwenye dawa ya pili, hivyo hivyo. Kwenye kikaratasi cha ukoo wa vile vidonge vya rangi mbili, hivyo hivyo. Kwenye cha nne palikuwa na duara jembamba kama pete. Na viwili vya mwisho vilikaa katikati ya maduara mapana, safi.

Evarista aliweka rula, akaandika. Kwenye cha nne alisita. Hii, alisema, ni ndugu wa ile dawa ya tatu uliyochanganya. Wameshaanza kuizoea.

"Sindano ya mwanangu?"

"Mimi ni wa mifugo, dada. Mtoto simwandikii dawa, na wewe usimpe kitu kwa kuangalia karatasi hii. Mpelekee Kalinga. Kimbia."

Alikimbia kweli, na viatu mkononi. Kalinga alisoma karatasi akiwa amesimama mlangoni pa wodi. Sindano aliyokuwa anabahatisha ilikuwa ya ukoo wa kile cha nne, chenye pete. Aliifuta. Akaandika nyingine, ya ukoo wa maduara mapana, inayofaa kwa watoto, na nesi akaivuta kabla saa sita haijagonga.

Jumanne homa ilikuwepo. Esnath aliamini kwamba sindano imechelewa, akaanza kupanga moyoni atamwambiaje Zabron. Jumatano alfajiri ya saa kumi na mbili aliweka kiganja kwenye paji la uso la mtoto, akakitoa, akakiweka tena. Palikuwa na jasho, na chini ya jasho baridi ya kawaida ya Iringa. Goodness alifungua macho akauliza kama mtetea wake mweupe amekula.

Majibu ya damu ya pili yalikuja Alhamisi. Mdudu yule yule, tabia zile zile.

Mtetea mweupe hakuwa amekula. Bandani walikuwa wamebaki ishirini na wanne, na bwana mifugo wa Kihesa aliwaua wote, akawafukia na chokaa, na banda likakaa tupu. Yule wa mavuno alifia Mbeya ndani ya boksi lake. Mzazi alikunywa supu ya mbuzi, na kichanga kikawa salama. Goodness alitembea tena baada ya wiki tatu, anashika ukuta. Mpaka leo mama yake humgusa paji la uso kila anapopita karibu naye, na mtoto huusukuma mkono.

Mzee Adrian aliporudi hakumsema mbele za watu. Alimsubiri nje ya kanisa, akamwambia tu mwaka ujao alete maboga. Maboga hayasinzii.

Siku banda lilipopigwa chokaa, Esnath alikata ubavu wa boksi moja la Uyole, akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika kwa herufi kubwa, kama alivyofundishwa darasa la saba. Akaligongomelea bango hilo kwenye mlango wa banda. Apolonia alilisoma mpaka mwisho, safari hii bila kucheka, akaomba anakili nakala moja akaibandike gengeni, pale juu ya nyanya. Limeandikwa hivi:

Usimpe kuku mzima dawa. Jumatatu siyo ugonjwa.

Usiongeze kijiko dawa ikishindwa. Ikishindwa, kapime.

Usichanganye dawa mbili kwenye ndoo moja.

Usimpe dawa kuku unayempeleka maabara. Mpeleke hivyo hivyo alivyo, hata akifia njiani.

Usiseme hapana wakati umempa. Wakikusema, waache waseme.

Usimpe mtoto vidonge vilivyobaki vya mtu mwingine, wala dawa ya kuku, wala dawa kwa kusoma karatasi ya maabara bila daktari.

Usimwache mtoto abebe kuku mgonjwa. Usimwache ale hajanawa.

Usiingize kuku wageni kwa wenyeji siku hiyo hiyo. Wakae peke yao kwanza.

Usiuze, usile, usimpe mtu kuku aliyesinzia.

Wala Mungu usimpe.